Pwa ya Kopo

"Sasa mi nitafanya nini na hii?" Gertrude aliuliza tena, akalisukuma kopo juu ya meza mpaka likagonga vidole vya Vahwere.

"Utafungua, utapasha moto, utakula. Batu bote banafanya vile."

"Nilikuagiza chakula?"

"Uliniagiza pwa. Hii ni pwa. Soma." Vahwere aligeuza kopo ili picha imwelekee Gertrude: njegere za kijani kibichi, bakuli tele, na juu yake maandishi manene ya Kifaransa. "Niliitafuta soko nzima ya Kisangani. Tulikwama kwenye matope mbele ya Mambasa, batu banaiba sabuni juu ya kamio, banaiba sukari yangu, miye nimekumbatia kopo yako kama mutoto muchanga. Na weye hata aksanti hauna."

"Pwa yenye nilisema haikuliwe."

"Kuko pwa ingine gani?"

"Ya uzi. Nyeusi. Inashika mikono."

"Nyeusi." Vahwere alicheka kwa pua. Alikuwa mwanamke mpana, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyesafiri kwa malori ya mizigo, na nyumba yake na ya Gertrude pale mtaani Shari zilitenganishwa na uzio wa matete tu. "Gertrude, mbele nipande kamio nilikuya hapa, kwenye huu mulango. Nilikuuliza: pwa ya kukauka ao ya kopo? Ulijibu nini?"

Gertrude alitazama dirisha.

"Ulijibu nini?"

"Ya kopo."

"Basi."

Ni kweli alijibu hivyo, na kwa nini asijibu hivyo? Miaka yote pwa ilikuwa inakuja ndani ya kopo, kopo bapa la bati kutoka Ubelgiji, na ndani yake donge jeusi kama lami, gumu likiwa baridi, laini likishikwa kiganjani kwa muda. Madame Hélène, aliyemfundisha kazi, alikuwa ananyoosha mkono bila kuinua macho na kusema, nipe pwa. Ilikuwa nta ya mafundi viatu, ya kupaka uzi ushike na usiingize maji. Kwa sikio la Kifaransa, nta hiyo na njegere hazina tofauti hata kidogo. Tofauti iko kwenye maandishi, na Gertrude hakuwahi kuliona neno hilo likiandikwa.

Lakini mtu akishikwa na kosa lake mwenyewe hutafuta haraka pa kulitupia.

"Ulifanya makusudi," alisema.

Vahwere aliacha kucheka.

"Unataka hiki chumba," Gertrude aliendelea, kwa sababu alikuwa ameshaanza. "Ulijua nikikosa pwa nitafunga kazi."

"Ni weye ulisema. Mi sikukulazimisha. Ulisema: kama pwa imekosa, nafunga, chumba unachukua, unaweka magunia. Yangu depo inavuja, chumvi inageuka mayi, na weye unajua." Vahwere alikaza kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo. "Makusudi. Miye. Sawa. Siku ya posho nakuya na magunia yangu. Neno ni neno."

Akapita kwenye pengo la uzio bila kugeuka nyuma. Siku ya posho, Jumamosi, haikuwa mbali. Kopo la njegere lilibaki mezani.

*

Meza ile ilikuwa ya Hélène. Mbelgiji huyo, mjane kama Gertrude mwenyewe alivyokuja kuwa, alikuwa anafunga nzi: nzi wa bandia, wa manyoya ya jogoo na nyuzi za hariri, waliofungwa juu ya ndoano ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Walipelekwa Ulaya, kwa watu wanaovua samaki fulani mwenye madoa katika mito ya baridi. Gertrude hakuwahi kumwona samaki huyo. Baba yake, mvuvi wa ziwani upande wa Mahagi, alipoonyeshwa nzi mmoja alimgeuzageuza, akauliza kama huko Ulaya samaki wamekosa akili au watu wamekosa nyavu.

Gertrude aliingia kwa Hélène kuosha vyombo na kuchambua manyoya. Ikaonekana vidole vyake havitetemeki. Akapewa kiti upande wa pili wa meza, akakaa hapo ujana wake wote mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe, Hélène upande wa dirisha, yeye upande wa ukuta, na kibanio cha chuma mbele ya kila mmoja. Hawakuwa wanaongea sana. Hélène alikuwa anashika ncha ya uzi, Gertrude anavuta donge la pwa kutoka huku hadi kule, na uzi ukipakwa vizuri ulikuwa unalia, sauti nyembamba kama ya panya wa shambani. Hélène alikuwa anaitegea sikio ile sauti. Ikikosekana, alisema: rudia.

Kisha ukafika mwaka ambao biashara za wageni zilipewa raia. Duka la Hélène likapata mwenyewe mwingine, na nyumba pia. Meza na vibanio vilibebwa kwa mkokoteni mpaka Shari, kwenye chumba cha mbele cha Gertrude, na vikapangwa vilevile, kiti cha Hélène upande wa dirisha. Hélène alipanda ndege na sanduku moja, akasema atarudi baada ya Pasaka. Hakusema Pasaka gani.

Tangu hapo mapadri wakienda likizo walibeba nzi, wakirudi walibeba ndoano, uzi na pwa. Mume wa Gertrude alikwisha kufa. Binti yake Alphonsine aliolewa na mwalimu huko Aveba, na kila alipokuja alisema, mama, uza hizo vyuma ukuye tukae pamoja, utalinda batoto. Gertrude alijibu kila mara kwamba ana kazi. Watoto wa njiani walimwita Mama Inzi. Hakuchukia. Mtu anayeitwa jina bado yuko.

Mzigo wa mwisho ulikuja bila pwa. Hélène aliandika maneno machache tu kwenye karatasi iliyofunika ndoano: fundi viatu aliyekuwa anaipika amekufa, mtoto wake ameuza karakana, jaribu kutafuta huko kwenu, na nzi wa mara iliyopita wanafunguka vichwa, wateja wamelalamika, wakifunguka tena hawataagiza. Chini ya ndoano kulikuwa na mkasi wa Hélène, ule mdogo wenye pete za dhahabu iliyochujuka. Gertrude alisema moyoni kwamba ameazimwa. Akauning'iniza kwenye msumari, upande wa dirisha.

*

Asubuhi iliyofuata ule ugomvi hakukuwa na salamu.

Kila siku Vahwere alikuwa anaamka kwa kelele, anamwaga maji ya kuoga nyuma ya nyumba na kutupa salamu yake juu ya uzio pamoja nayo: Mama Inzi, haujakufa? Na Gertrude anajibu: bado, labda kesho. Ndiyo mazungumzo yake ya siku, mara nyingi. Sasa maji yalimwagwa, ndoo ikawekwa chini, mlango ukafungwa. Gertrude alisimama na ufagio akingoja, kisha akajiona mjinga akafagia.

Alifagia chumba, akapangusa meza, akapangusa kiti cha Hélène. Alikula viazi vya jana akiwa amesimama. Kopo la njegere alilisogeza pembeni, likawa linamtazama kutoka huko.

Pwa ilikuwa imekwisha, lakini si kila kitu cha Ulaya kinakosa ndugu yake hapa. Alijifunga kitenge akatoka.

Kwa fundi viatu wa sokoni alikuta foleni ya ndala.

"Muko na kitu gani cha kupakaa uzi?"

"Uzi gani, mama? Siye tunashona na nailo ya gunia." Fundi alionyesha kipande cha sabuni kilichochimbika mfereji. "Sabuni. Inapita vizuri, tiii."

"Mi sitaki ipite. Nataka ishike."

"Ishike? Ikishika, nitamaliza kiatu saa ngapi?" Wenye ndala wakacheka.

Kwa Muzee Dominique, msakristani wa parokia, alisema kwa uangalifu, maana neno moja lilikuwa limeshamwangusha, na bujie nayo ni mshumaa na ni plagi ya gari: "Naomba vipande vya bujie. Ile ya altare, si ile ya motokari."

"Ya motokari ningekuwa nayo, Padri angesafiri," Dominique alisema. Alifungua kabati. Mishumaa iliyobaki ilikuwa nyeupe, ya nta ya petroli, ya dukani. "Ya nyuki hatuna tena. Ile ilikuwa inanukia. Hizi zinanukia garage."

Gertrude alijaribu hata hiyo. Uzi ukawa mkavu, ukateleza.

Mwanamke anayeuza asali kwenye barabara ya Mambasa alimpa masega yaliyokamuliwa, meusi, na miguu ya nyuki ndani. Aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa, akapata nta safi ya manjano. Siku hiyo aliimba kidogo. Akafunga nzi mmoja kwa uzi uliopakwa nta hiyo, akamtumbukiza kwenye beseni, akamvuta huku na huku kwa kamba kama alivyokuwa anafanya Hélène, mbishi kuliko samaki yeyote. Alipomtoa, kichwa cha nzi hakikufunguka. Lakini mwili mzima ulikuwa unazunguka juu ya chuma cha ndoano, kama shati la mtu aliyekonda.

Basi kilitakiwa kitu cha kunata. Alikumbuka ulimbo wa mti ambao watoto wanategea ndege, akautafuta. Huo ulinata: ulinata kwenye uzi, kwenye mkasi, kwenye manyoya, kwenye nyusi zake, na haukukauka hata asubuhi. Alikaa mbele ya nzi aliyefanana na kitu kilichotolewa sikioni. Kama Vahwere angekuwa dirishani angesema neno, na wote wawili wangecheka mpaka washike mbavu. Dirishani hakukuwa na mtu. Gertrude aliosha mikono kwa petroli kidogo aliyoomba kwa jirani wa mbele, akaifuta, akaketi.

Nyumba ilikuwa na sauti zake. Bati linalotanuka juani. Kuku wake mmoja. Kabla ya hapo hakuwahi kuzisikia vizuri hivyo.

*

Siku ya Alhamisi alirudi kwa Dominique kumrudishia mishumaa yake. Msakristani alikuwa anasafisha chetezo. Alikuwa anakwangua ndani kwa kisu, na kila alipokwangua alijifuta vidole kwenye suruali, na vidole havikufutika.

"Nini iko inashika vile?"

"Ubani. Ule wa Ulaya ulikwisha zamani. Tunachoma hii ya pori, ya muti wa mubafu. Wamama ba Mambasa banauza sokoni, kwa kuwashia moto. Moshi ni mingi lakini Mungu hajalalamika."

Alimpa kipande. Kilikuwa kigumu, cheupe kwa nje na cha rangi ya chai kwa ndani. Gertrude alikishika kiganjani, akafunga ngumi, akangoja. Kilipopata joto kilimshika ngozi. Alikinusa. Hakikuwa na harufu ya pwa, lakini kilikuwa na tabia yake.

Nta peke yake inateleza. Utomvu peke yake unavunjika. Alijua hilo bila kufundishwa, kama mtu anavyojua kwamba unga peke yake si ugali. Akanunua utomvu sokoni kwa wale mama, akaomba mafuta ya ng'ombe kwa mchinjaji, akawasha mbabula, jiko lake la makaa, uani.

Mara ya kwanza alitanguliza utomvu. Ulishika moto, ndimi zikapanda, akafunika sufuria kwa mfuniko na kukaa mbali mpaka ulipozima. Mara ya pili alitanguliza nta, ikayeyuka polepole, akatia utomvu uliosagwa kidogo kidogo, kisha mafuta, kiasi cha kijiko. Ikawa uji wa rangi ya asali, mzuri, ukivuta nyuzi kwenye kijiti. Shida ilikuwa mbele. Uji huo ni lazima umwagwe kwenye maji baridi polepole, na uwe unakandwa palepale, kwa mikono iliyoloa, unavutwa na kukunjwa, unavutwa na kukunjwa, kabla haujaganda. Alimwaga wote, akaweka sufuria chini, akaingiza mikono. Tayari ulikuwa kioo. Ulivunjika vipande vipande chini ya beseni.

Aliuyeyusha tena. Akamwaga kwa mkono mmoja, akakanda kwa mwingine. Sufuria ikayumba, tone likamwangukia kifundo cha mkono, na hapo likabaki linaungua kwa sababu lilikuwa linashika vizuri kabisa.

Alitia mkono kwenye maji akakaa juu ya kigoda. Ilikuwa Ijumaa, mchana. Mawingu yalikuwa yanapanda upande wa Djugu. Kazi hii ilitaka mikono minne, yeye alikuwa na miwili. Alihesabu watu wake. Alphonsine yuko Aveba. Mume yuko ardhini. Hélène. Kila jina lilikuwa linafungua mlango wa chumba kitupu. Na kesho magunia.

Nyuma ya uzio mtu alikuwa anapepeta maharage.

Gertrude alisimama, akaenda mpaka kwenye pengo la matete, lakini hakuvuka.

"Vahwere."

Ungo ukaendelea.

"Vahwere, nahitaji mikono."

"Mikono yangu inafanyaka makusudi," Vahwere alisema bila kuinua kichwa. "Haikufai."

"Ile nilisema mubaya."

"Ndiyo."

"Pwa ya kopo, ni miye nilisema. Hata miye ningekuwa Kisangani ningeleta ileile."

Ungo ukasimama. "Na niliibiwa sukari juu yako."

"Uliibiwa sukari?"

"Nilikuambia. Haukusikia, ulikuwa unatukana." Vahwere aliweka ungo chini, akajipangusa. "Nini inanuka kwako? Unachoma kanisa?"

"Kuya. Iko inaganda."

*

Vahwere alimwaga, Gertrude alikanda. Uji ulishuka kama uzi mnene ndani ya maji, ukajikunja chini, na Gertrude akaudaka ungali laini, akauvuta, akaukunja. Rangi ya asali ikapauka, ikawa kama sukari iliyoungua kidogo. Kisha Vahwere aliona mwenzake amechoka, akaloweka mikono yake mipana akashika upande wa pili. Wakawa wanavutana juu ya beseni kama wanaokamua shuka.

"Polepole," Gertrude alisema.

"Miye nimekanda manioki tangu nazaliwa, usinifundishe. Sasa hii ndiyo inzi zako banakula?"

"Inzi zangu hazikule. Zinaliwa."

"Heri zao."

Walipomaliza kulikuwa na donge la ukubwa wa yai. Gertrude aliingia nalo ndani, Vahwere nyuma yake, akijikwangua vidole. Gertrude alikata uzi wa hariri kwenye kigurudumu, akampa Vahwere ncha moja. "Shika. Kaza." Akalishika donge kiganjani mpaka likakubali, akalipitisha juu ya uzi, kutoka huku hadi kule.

Uzi ulilia.

Gertrude alisimama pale na donge mkononi. Sauti ile haikuwa imesikika katika chumba hicho tangu pwa ya mwisho ilipobaki makombo. Akairudia. Ukalia tena.

"Panya?" Vahwere aliuliza.

"Hapana. Ni vizuri. Ikilia, ni vizuri."

Vahwere aliachia ncha. Macho yake yalizunguka chumba, kama ya mtu aliyekuja kupima ukuta kwa ajili ya magunia, yakafika kwenye msumari wa dirishani.

"Ile makasi si ya Hélène?"

"Aliniazima."

"Tokea Ulaya?"

Gertrude alianza kuzungusha uzi kwenye kigurudumu.

"Miaka yote nilimuona nayo. Hata sokoni ilikuwa kwenye mufuko ya rinda." Vahwere hakuwa anapandisha sauti. "Mi niko mushonaji mubaya, lakini najua kitu moja. Mwenye kushona akikupa makasi ya mukono wake, ni kwamba ameacha. Hakuyi tena, Gertrude. Ungeuliza, angekuambia. Hauulizake."

"Osha mikono na mafuta, mayi haitoe hiyo."

"Na kila siku unapangusa kile kiti. Miye naona kwa dirisha. Kiti ya mutu anaishi inakuwaka na nguo juu, inakuwaka na vumbi. Hii inang'aa kama sanduku ya maiti."

"Vahwere."

"Nimenyamaza." Alinyoosha kitenge chake. Mlangoni alisimama, akatazama mawingu. "Pwa iko. Basi chumba nimekosa, neno ni neno. Nitafunika chumvi na bashe." Alikuwa hana hasira, na hilo ndilo lilikuwa gumu kulisikia. "Lakini ile pwa yangu ukule. Niliibiwa sukari juu yake."

Alivuka uzio. Baada ya muda mfupi Gertrude alisikia turubai zikiburutwa.

*

Alikaa kwenye kiti chake, upande wa ukuta. Akabana ndoano kwenye kibanio. Ili kupaka uzi alitakiwa mtu wa kushika ncha, na mtu hakuwepo. Alitazama mezani, akaifunga ncha kwenye kopo la njegere. Kopo lilikuwa zito, halikusogea. Akavuta. Uzi ukalia.

Akafunga nzi: nyuzi za mkia, mwili wa hariri ya kijivu, manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu, kichwa. Kila mzunguko wa uzi ulikaa palepale alipouweka. Alipomaliza alimtumbukiza kwenye beseni, akamvuta huku na huku kama alivyofundishwa, kisha zaidi ya alivyofundishwa, kwa ukali, kama aliyetaka afunguke. Akamtoa, akambana kwa kucha, akajaribu kumzungusha. Hakuzunguka. Akavuta kichwa. Hakikufunguka.

Nzi huyu hakuwa na kitu cha Hélène ila ndoano na uzi. Pwa ilitoka barabara ya Mambasa, kwa mchinjaji, na kwenye mikono ya Vahwere. Gertrude alijua kwamba nzi huyo atafika Ulaya mzima, na kwamba mtu asiyemjua atamfunga kwenye kamba yake na kumrusha mtoni. Na kwamba Hélène atamtazama, atamvuta kichwa kwa kucha, na kumweka kwenye boksi pamoja na wengine, na hatapanda ndege.

Hakulia. Alichukua ndoano nyingine.

Mawingu yalikuwa yamefika. Upande wa ukuta ukawa giza, akashindwa kuona kichwa cha nzi. Aliinamisha shingo, akasogeza kibanio, akasogeza kiti. Mafuta ya taa hayakuwepo mji mzima. Upande wa pili wa meza mwanga ulikuwa umemwagika kwenye mbao, mweupe, wa kutosha, juu ya mahali pasipofanywa kazi. Miaka yote hiyo alikuwa ameinama kwenye kivuli akiuangalia mwanga huo ukitunzwa.

Nje Vahwere alikuwa anagombana na upepo na turubai.

Gertrude alisimama. Alifungua skrubu ya kibanio chake. Ilikuwa imeshika kutu na kuacha alama kwenye ubao. Akaigonga kwa kisigino cha kiatu, ikakubali. Akafungua na kibanio cha Hélène, akakifunga ndani ya kitambaa, akakiweka chini ya kitanda. Akafunga chake pale, upande wa dirisha. Akahamisha kigurudumu cha uzi, boksi la ndoano, shingo za majogoo, donge jipya, kopo la njegere. Akashusha mkasi kwenye msumari na kuuweka karibu na mkono wa kulia, mahali pa mkasi. Kiti chake cha zamani alikibeba mpaka uani. Meza akaisukuma kwa nyonga kuelekea dirisha mpaka ikabaki nafasi ya kiti tu, na nusu ya chumba ikabaki wazi, kavu, na ukuta mzima wa kuegemeza.

Akakaa kwenye kiti cha Hélène. Kilikuwa kifupi kuliko alivyofikiri. Mwanga uliobaki ulimwangukia vidoleni, na aliweza kuona kila nyoya.

Tone la kwanza liligonga bati. Gertrude aliinuka, akafungua milango yote miwili ya chumba, akatupia kitenge chake juu ya mgongo wa kiti, na kuita juu ya uzio:

"Vahwere. Acha hiyo bashe. Leta chumvi."

"Wapi?"

"Huku. Nusu yako iko wazi. Nusu, si yote."

Hakungoja jibu. Alivuka pengo la matete, akainama, akashika masikio mawili ya gunia la kwanza, na Vahwere akashika upande wa pili.